Sinywi maziwa na samaki nimeacha: mifupa yangu itapata kalsiamu wapi?

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima na familia yako. Mie ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka 11. Napika katika nyumba ya wageni huku pwani ya mashariki ya Unguja. Wageni wetu wengi huja kwa yoga na mapumziko, na baadhi yao hula chakula wanachokiita makrobiotiki: nafaka zisizokobolewa, mboga, maharage, mwani, na supu ya miso, yaani rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi. Maziwa hawagusi, nyama hawagusi, sukari hawagusi. Mgeni mmoja aliniachia kitabu chake. Wakati huo nilikuwa mnene, na kiungulia hakinipi usingizi, nikaona nijaribu. Kiungulia kikaondoka, nguo zikaanza kunipwaya, nikaendelea. Sasa ni mwaka wa tatu. Kitabu kinaruhusu samaki kidogo, lakini mie niliona bora niwaache kabisa, na mayai pia.

Asubuhi nakunywa uji wa dona. Mchana wali wa mchele usiokobolewa, maharage au choroko, na mchicha au spinachi kwa tui la nazi. Mboga hizo mbili sizikosi, maana najua zina madini. Usiku mboga mchanganyiko na supu ya miso wanayotuletea wageni. Mwani natia kwenye supu, tunaupata hapa hapa kwa kina mama wanaolima. Matunda nimepunguza sana, kwa kuwa kitabu kinasema matunda ya nchi za joto hayafai kuliwa kila siku. Maziwa hata zamani yalikuwa yakinivuruga tumbo.

Kilichonifanya niandike ni mama yangu mzazi. Ana miaka 67. Mwezi uliopita aliteleza msalani akavunjika nyonga. Ameshafanyiwa upasuaji, anatembea kwa fremu. Daktari alisema mifupa yake imedhoofika, kisha akaniuliza mie nakula nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa tu, na foleni ilikuwa ndefu, nikatoka bila jibu. Tangu siku hiyo mama mkwe hanipi nafasi. "Mwanamke asiyekunywa maziwa atazeekea kitandani," ananiambia mbele za watu, na kila nikienda kwake nakuta kikombe cha maziwa kinaningoja. Mume wangu ni mpole, lakini naye kaanza kuuliza, kwa kuwa tunataka kuongeza mtoto. Na binti yangu ameanza kuniiga. Maziwa hataki, dagaa hataki, anasema anakula kama mama.

Kitabu kinasema maziwa yanaleta asidi inayoondoa kalsiamu kwenye mifupa, na kwamba mboga na mwani vinatosha. Mama mkwe anasema kinyume chake. Nilipima kalsiamu ya damu, majibu yakatoka ya kawaida. Je, hiyo si dalili kwamba niko salama? Au nirudi kwenye maziwa?

Wako,
Mpishi, Kusini Unguja

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu nyingi. Kuvunjika nyonga katika umri ule si jambo dogo, na kusimama tena kwa fremu kunahitaji moyo.

Umeniuliza kama unalazimika kurudi kwenye maziwa. Hulazimiki. Lakini mlo ulioniandikia, kama ulivyo leo, haukutoshi, na binti yako haumtoshi kabisa. Nitakueleza kwa nini, kisha tuupange upya bila kuvunja yale unayoyaamini.

Kwanza kipimo cha damu. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki kinazunguka katika damu, na moyo, misuli na mishipa ya fahamu haviwezi kufanya kazi bila hicho. Kwa hiyo mwili hauruhusu kiwango cha damu kishuke. Chakula kikipungua, tezi ndogo zilizoko shingoni nyuma ya dundumio, ile tezi kubwa ya shingo, hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mfupani na kuirudisha katika damu. Mfupa ndio ghala, na ghala linaweza kupungua mwaka hadi mwaka huku sufuria jikoni haijawahi kukosa chakula. Majibu yako ya kawaida yanaonyesha kwamba tezi zako zinafanya kazi. Hayasemi chochote kuhusu kilichobaki ghalani.

Pili, hilo la asidi. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu wataalamu walidhani vyakula vyenye protini nyingi, maziwa yakiwemo, vinaufanya mwili upoteze kalsiamu kwa njia ya mkojo. Utafiti wa baadaye haukuliunga mkono wazo hilo. Mtu anayepata kalsiamu ya kutosha hudhurika zaidi kwa kukosa protini kuliko kwa kuipata. Kwa hiyo kama maziwa yanakuvuruga tumbo, yaache kwa sababu hiyo, nayo ni sababu halali. Watu wazima wengi wa Afrika hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Usiyaache kwa kudhani yanakula mifupa.

Sasa tuje kwenye sahani yako. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wanapendekeza miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku kwa mtu mzima wa rika lako, na 1,300 kwa msichana wa rika la binti yako na kwa mwanamke aliyekoma hedhi kama mama. Uingereza wameweka 700 kwa mtu mzima, kwa hiyo usiichukulie 1,000 kama mstari ambao ukipungukiwa kidogo tu unaanguka. Lakini nilipohesabu mlo wako nikaweka kando mchicha na spinachi, sikufika hata 300. Dona ina miligramu chache mno. Mchele, hata usiokobolewa, vivyo hivyo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinakupa 50 au 60. Tui la nazi halifanani na maziwa ila kwa rangi. Ni tamu na lina mafuta, lakini kalsiamu yake haifai hata kuhesabiwa, na nawaona watu wengi walioacha maziwa wakilitegemea kana kwamba ndilo mbadala.

Kwa nini niliuweka kando mchicha, na wewe ndio unaoutegemea kila siku? Kwa sababu kalsiamu yake imefungwa. Mchicha, spinachi, na ile mboga ya mabua meupe na majani mapana ambayo sokoni nayo tunaiita spinachi, zote zina oksalati nyingi. Oksalati hushikana na kalsiamu ndani ya tumbo, na sehemu kubwa hupita na kutoka bila mwili kuigusa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, akina Robert Heaney na Connie Weaver, walipima jambo hili kwa watu: kalsiamu ya spinachi iliyofyonzwa ilikuwa takriban asilimia 5, wakati ya maziwa ni kama asilimia 30. Sahani ya spinachi ina miligramu 200 katika jedwali la vyakula, lakini zinazokuingia ni kama 10.

Baadaye wakapima mboga ya jamii ya kabichi, ndugu wa sukuma wiki yetu, wakakuta mwili unafyonza takriban asilimia 40, kuliko hata maziwa. Hili ndilo ningependa ulibandike ukutani jikoni kwako, kwa faida yako na ya wageni wako. Jamii nzima ya kabichi ina oksalati kidogo: sukuma wiki, chainizi, brokoli, kabichi lenyewe ingawa kalsiamu yake ni ndogo. Sahani ya sukuma wiki iliyopikwa, gramu 150 hivi, ina miligramu 200, na kinachofika mwilini ni karibu sawa na cha kikombe cha maziwa. Sahani moja mchana na nyingine ya chainizi usiku zingebadilisha hesabu yako yote.

Sikwambii uutupe mchicha. Una mengine mazuri. Ukiupenda, uchemshe kwa maji mengi na uyamwage, maana sehemu ya oksalati huyeyuka na kuondoka na maji hayo. Ila usiuhesabu katika kalsiamu.

Baada ya mboga, badilisha uji. Ukiniruhusu kukushauri jambo moja tu katika barua hii yote, lingekuwa hili: acha uji wa dona asubuhi, upike wa ulezi. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu. Hakuna nafaka nyingine ya kwetu inayoukaribia, mtama na uwele hauko hata karibu. Bakuli lenye gramu 60 za unga linakupa kama 200. Ulezi nao una kitu kinachozuia kalsiamu isifyonzwe vizuri, kinaitwa fitati, lakini bibi zetu walishakijulia dawa bila kukifahamu jina. Loweka punje usiku kucha, ziache zichipue kidogo, zianike, uzisage: hicho ndicho kimea. Au acha uji uchachuke kabla ya kuupika. Togwa ya kimea cha ulezi hufanya kazi hiyo hiyo, na wageni wako wataipenda.

Kisha ufuta. Ufuta wenye ganda lake una takriban miligramu 975 kwa gramu 100, kijiko cha chakula kina karibu 90. Angalia hapo kwenye ganda, kwa sababu ndilo lenye sehemu kubwa ya kalsiamu, na ule mweupe uliomenywa umepoteza karibu yote. Lindi na Mtwara wanalima ufuta kwa wingi, kwa hiyo ulio na ganda haukosekani ukimwagiza mfanyabiashara. Usitegemee chembe zinazonyunyizwa juu ya mkate wa ufuta. Kaanga kavu kidogo, twanga au saga, uweke vijiko viwili kwenye uji au juu ya mboga. Punje nzima zisizotafunwa zinapita kama zilivyoingia. Najua kitabu chako kina mchanganyiko wa ufuta na chumvi wa kunyunyizia wali. Utengeneze, lakini chumvi iwe kidogo sana.

Na hapa kwenye chumvi nikae kidogo. Chumvi nyingi huufanya mwili kutoa kalsiamu zaidi kwa mkojo, na makrobiotiki ni mlo wa chumvi kuliko watu wanavyodhani. Kijiko kimoja cha chakula cha miso kina sodiamu inayolingana na gramu moja na nusu ya chumvi, na zaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Ukinywa bakuli la miso usiku, ukaongeza sosi ya soya na mwani usiooshwa vizuri, umeshavuka. Supu ya miso mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Na kama unatia magadi kwenye maharage ili yaive upesi, hayo nayo ni sodiamu. Yaloweke usiku badala yake.

Mwani naujua ni fahari ya huko kwenu. Ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na umewainua kina mama wengi. Kula bila wasiwasi. Lakini unauweka kwenye supu kwa gramu chache, na gramu chache hazibebi mzigo wa miligramu mia kadhaa. Isitoshe, mwani wa vitabu vya makrobiotiki ni wa Japani, na si aina moja na wa kwenu. Kati ya hizo za Japani kuna moja inaitwa hijiki, ambayo mara nyingi husifiwa kwa kalsiamu. Wageni wakikuletea usiipike. Mwaka 2004 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliwaonya wananchi wasiile kwa sababu ya arseniki, ambayo ni sumu. Ile nene inayoitwa kombu nayo ina madini joto kupita kiasi ikiliwa kila siku, na tezi ya shingo haipendi kuzidishiwa kama isivyopenda kupunjwa.

Kuna wanaokuambia utumie unga wa mlonge kwamba una kalsiamu mara 17 kuliko maziwa. Hesabu hiyo inalinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za maziwa ya maji, na hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Kijiko kwenye uji ni nyongeza nzuri, basi.

Tukikusanya sasa: uji wa ulezi 200, vijiko viwili vya ufuta 175, sukuma wiki mchana 200, chainizi usiku 140, maharage 60, bamia kidogo 70, chungwa moja 50. Hayo ni karibu 900, na hakuna hata tone la maziwa. Vipimo hubadilika kwa udongo na kwa mkono wa mpishi, kwa hiyo yachukue kama makadirio. Lakini umetoka chini ya 300 ukakaribia 900 kwa vitu vinavyouzwa sokoni.

Nimetaja chungwa makusudi. George Ohsawa, Mjapani aliyeeneza makrobiotiki, na Michio Kushi aliyeipeleka Marekani kuanzia 1949, walisisitiza sana mtu ale kinachoota mahali anapoishi na kwa msimu wake. Orodha za Kushi ziliandikwa kwa ajili ya watu wa Boston wenye baridi na theluji. Kule embe na chungwa ni matunda ya kusafirishwa kwa meli, ndiyo maana hayakupendekezwa. Wewe uko Unguja. Kwa kanuni yao wenyewe, chungwa, ulezi, kunde na sukuma wiki ndivyo vyakula vyako, na miso ndiyo ngeni. Ukila hivyo utakuwa umeifuata kanuni kuliko hao wageni wanaotembea na pakiti za miso kwenye mabegi.

Kwa kanuni hiyo hiyo nakuomba ufikirie upya dagaa. Umesema mwenyewe kwamba kitabu kinaruhusu samaki kidogo. Dagaa wakavu wanaoliwa wazima, na mifupa yao, wana zaidi ya miligramu 1,000 kwa gramu 100. Kiganja kimoja mara tatu kwa wiki kingeziba pengo lililobaki, kingekupa protini, na kingekupa kitu kingine ambacho nafaka na mboga zako zote haziwezi kukupa, nacho ni vitamini B12.

B12 haiko katika mimea. Haiko kwenye miso, na wala mwani usiutegemee, hata kama kitabu kimeandika iko. Mwili huweka akiba yake kwenye ini, akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hujitokeza polepole: uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni, kusahau. Ganzi ikikaa muda mrefu yaweza isiondoke. Wewe uko mwaka wa tatu bila samaki, mayai wala maziwa. Kama dagaa huwataki, na ni haki yako kutowataka, basi kidonge cha B12 si cha hiari. Nenda kapime, uanze.

Halafu vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu yote hii haifyonzwi ipasavyo. Utaniambia Unguja jua halikosekani. Halikosekani barazani, lakini wewe unashinda jikoni, na ukitoka umevaa buibui. Hata Oman na nchi nyingine za Ghuba, penye jua kali kuliko kwetu, wanawake wengi hupatikana na upungufu wa vitamini D kwa sababu hiyo hiyo. Uani kwenu, mahali pa faragha, kaa mikono na miguu wazi juani kabla ya kwenda kazini. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo dakika mbili tatu za kuanika nguo hazitoshi. Kama hilo haliwezekani, kuna vidonge: kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni mikrogramu 15 kwa siku, ambazo kwenye kopo huandikwa yuniti 600. Hospitali kubwa hupima kiwango cha vitamini D katika damu, na kipimo hicho kingekufaa kuliko kile cha kalsiamu.

Sikuogopeshi bure. Huko Uingereza, utafiti unaoitwa EPIC-Oxford uliwafuatilia watu wapatao 55,000. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba wasiokula kabisa chochote cha mnyama walivunjika nyonga mara 2.3 kuliko wala nyama. Lakini katika utafiti huo huo, matokeo ya mwanzo ya 2007 yalionyesha kwamba wale wasiokula vya mnyama ambao walipata kalsiamu angalau miligramu 525 kwa siku hawakuwa na mivunjiko zaidi kuliko wengine. Hatari iliwaelemea waliopata kidogo. Na kwa wastani wasiokula vya mnyama walikuwa wembamba kuliko wala nyama. Umeniandikia kwamba nguo zimekupwaya. Kama uzito bado unashuka, simama hapo. Ongeza maharage, karanga, parachichi. Mfupa wa mtu aliyekonda sana hauna mzigo wa kuujenga wala nyama ya kuukinga anapoanguka. Na kwa kuwa mama yako amevunjika nyonga, hatari yako wewe iko juu kidogo kuliko ya jirani yako. Mwambie daktari habari hiyo kila mara, hata asipokuuliza.

Nije kwa binti. Hapa siombi, nasema. Asifuate mlo wako.

Miaka ya 1980 huko Uholanzi, watafiti wa chuo kikuu cha Wageningen walichunguza familia zilizolea watoto kwa makrobiotiki. Walikuta watoto wachanga wengi wana matege, ukuaji umedumaa, na B12 iko chini. Familia nyingi zikashauriwa zikaongeza mafuta, samaki na maziwa. Watoto hao walipopimwa tena wakiwa na miaka 9 hadi 15, katika matokeo yaliyotolewa 1997, mifupa yao bado ilikuwa na madini kidogo kuliko ya wenzao. Wazazi wale waliwapenda watoto wao, na walikula vizuri kwa kadiri walivyofundishwa. Lakini mtoto ana kipindi kifupi cha kujaza mifupa, na kwa msichana kipindi kikubwa kabisa ni hiki anachoingia sasa, miaka michache kabla na baada ya kuvunja ungo. Anachokikosa sasa hawezi kukirudisha chote akiwa na miaka 30.

Mweke chini umweleze kwamba mama ameamua hivyo akiwa ameshamaliza kukua. Ale dagaa, ale mayai, anywe mtindi kama maziwa mabichi yanamsumbua, maana mtindi huwa mwepesi tumboni. Uji wa ulezi na ufuta mle pamoja, ili asione ametengwa. Kama wewe mwenyewe utarudi kwenye dagaa, ataona kwa macho yake, wala hutahitaji kumhubiria.

Kuhusu ujauzito mnaoutarajia, usisubiri uingie ndipo uanze. B12 na vitamini D zipimwe sasa, na asidi ya foliki ianze kabla. Mtoto anayenyonya kwa mama mwenye upungufu wa B12 anaweza kudhurika ubongo mapema, kabla mama hajaona dalili yoyote kwake. Vidonge vya kalsiamu utapewa kliniki. Shirika la Afya Duniani linavipendekeza kwa wajawazito mahali ambapo kalsiamu katika chakula ni ndogo, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa miligramu 1,500 hadi 2,000, na wengi walishindwa kumeza vidonge vingi hivyo. Lakini utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na India kwa wajawazito 11,000 kila nchi, wote wa mimba ya kwanza, ukachapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba 500 kwa siku zilikinga karibu sawa na 1,500. Wewe si mimba yako ya kwanza, kwa hiyo mkunga wako ndiye ataamua. Ukipewa, soma kopo vizuri: kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500. Kimeze pamoja na chakula, na usikimeze wakati mmoja na kidonge cha madini ya chuma, kwa sababu vinazuiana.

Mama yako mzazi naye, usiondoke hospitali na dawa za maumivu pekee. Uliza kuhusu vitamini D, kalsiamu, na dawa ya kuimarisha mifupa, kwa kuwa aliyevunjika mara moja yuko katika hatari ya kuvunjika tena. Msala uwekewe kishikizo ukutani na mkeka usioteleza.

Mama mkwe mwambie hivi, kwa heshima zote: "Mama, umesema kweli kwamba mifupa inahitaji kulishwa. Nimeanza uji wa ulezi na ufuta, na mjukuu wako anakunywa mtindi." Kisha mpelekee chupa ya uji huo, mnywe pamoja. Kwa umri wake yeye ndiye anayehitaji miligramu 1,300, na kikombe kile anachokutengea, bora akinywe mwenyewe.

Ukipata majibu ya B12 na vitamini D, niandikie tena. Usiniandikie tu kwamba ni ya kawaida. Nakili namba na kipimo chake kama zilivyo kwenye karatasi.

Shangazi